Magonjwa ya Ngono na VVU kwa Watoto na Vijana: Mwongozo kwa Familia za Kasulu na Kibondo

Watu wengi huyaita magonjwa haya "magonjwa ya zinaa". Jina hilo limezoeleka, lakini likitumika kwa mtoto hubeba hukumu isiyo ya haki. Mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende hakuzini. Binti wa miaka 7 aliyeambukizwa kisonono na mtu mzima hakuzini. Mvulana wa miaka 15 anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) tangu kuzaliwa kwake hakuzini. Ndiyo maana makala haya yanatumia jina linalotumiwa pia na wahudumu wa afya, yaani magonjwa ya ngono, na yanawatazama watoto na vijana kwanza kama wagonjwa wanaohitaji tiba, na mara nyingi kama watu waliokosewa.

Jambo moja linapaswa kushikwa tangu mwanzo. Karibu kila hatari inayoelezwa hapa ina muda wake ambao mtu mzima anaweza kuizuia: miezi ya ujauzito, wiki ya sita ya mtoto mchanga, saa 72 baada ya ukatili, na miaka ya kubalehe. Dawa zipo. Kinachoupoteza muda huo mara nyingi ni ukimya wa watu wazima.

Hali ilivyo katika mkoa wetu

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 ugonjwa ulikuwa umeripotiwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 4.4 walikuwa wanaishi na VVU. Mkoani Njombe kiwango kilikuwa asilimia 12.7, mkoani Kigoma kilikuwa asilimia 1.7.

Kiwango hicho ni neema, lakini kina mtego wake. Pale ambapo wagonjwa ni wachache, mama hajishuku, mwalimu hamfikirii mwanafunzi anayekonda, na bibi anayelea mjukuu mwenye kuharisha kila mwezi hutafuta sababu nyingine zote kabla ya kumpeleka kupimwa. Mtoto aliyeambukizwa katika mkoa wenye wagonjwa wachache anaweza kuchelewa kutambuliwa kwa sababu hiyohiyo ya uchache wao.

Tena nyanda za juu za Buha hazijawahi kuwa kisiwa. Zamani wanaume wa Kiha walikwenda mbali kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Hata leo vijana huenda kutafuta vibarua katika mashamba ya tumbaku ya Tabora, na wasichana huchukuliwa kwenda kufanya kazi za nyumbani mijini. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianza kupokea wakimbizi kutoka Kongo mwaka 1996, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Si haki kuwanyoshea kidole wakimbizi. Wao wenyewe, hasa wasichana wanaotoka kwenda kutafuta kuni, wamo miongoni mwa walio katika hatari kubwa ya kufanyiwa ukatili.

Jinsi mtoto anavyoambukizwa

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kutoka kwa mama, wakati wa ujauzito, wa kujifungua au wa kunyonyesha. Ya pili ni ukatili wa kingono. Ya tatu ni kujamiiana katika umri wa ujana, iwe kwa kushawishiwa, kwa kurubuniwa na fedha, au ndani ya ndoa ya mapema.

VVU haviambukizwi kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kutumia choo kimoja, kukumbatiana, kukohoa wala kuumwa na mbu. Mtoto mwenye VVU hapaswi kutengewa kikombe nyumbani wala dawati shuleni.

Miezi ya ujauzito

Mama mwenye VVU asipopata matibabu, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama kama yeye, watoto 15 hadi 45 huambukizwa. Akitumia dawa za kufubaza virusi (ARV) kila siku, idadi hiyo hushuka chini ya watoto 5. Tangu mpango wa sasa uanze kutekelezwa nchini mwaka 2013, kila mjamzito anayegundulika kuwa na VVU huanzishiwa dawa mara moja na kuendelea nazo maisha yake yote, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke.

Kipimo cha kwanza pekee hakitoshi. Mama anaweza kukutwa hana VVU katika hudhurio la kwanza la kliniki, kisha akaambukizwa akiwa na mimba kubwa au akinyonyesha. Katika wiki za mwanzo za maambukizi mapya virusi huwa vingi mno katika damu, na hatari kwa mtoto huwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo kipimo hurudiwa, na baba apime pamoja na mama. Mume anayemwambia mkewe "majibu yako ndiyo majibu yangu" anajidanganya, kwa maana wanandoa wanaweza kuwa na majibu tofauti.

Kaswende nayo husahauliwa. Utafiti uliofanywa mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba miongoni mwa wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, karibu mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Waliopimwa na kuchomwa sindano moja ya penisilini wakati wa ujauzito hawakuwa na hatari zaidi ya wanawake wasio na ugonjwa huo. Hospitali ya Kabanga, Hospitali ya Wilaya ya Kibondo na vituo vingine vya huduma kwa wajawazito ni mahali pa kuomba vipimo hivyo mapema, kabla mimba haijawa kubwa.

Kisonono na klamidia huweza kumpata mtoto anapopita katika njia ya uzazi. Macho yanayotoa usaha katika siku za mwanzo za maisha ni dharura, kwa sababu kisonono kinaweza kumpofusha mtoto ndani ya siku chache. Asitiwe maziwa ya mama wala dawa ya majani machoni. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Wiki ya sita

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupewa dawa ya kinga, kwa kawaida nevirapini, tangu saa za mwanzo. Aliye katika hatari kubwa zaidi hupewa dawa zaidi ya moja na kwa muda mrefu zaidi. Atimizapo wiki ya sita, siku anayopelekwa kupata chanjo, huchukuliwa matone ya damu kisiginoni kwa ajili ya kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Kipimo cha kawaida cha watu wazima hutafuta askari wa mwili, na askari wa mama wanaweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Ndiyo sababu kipimo hicho hakiwezi peke yake kuthibitisha kwamba mtoto mchanga ameambukizwa.

Wiki hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Watoto waliozaliwa na VVU wasipotibiwa, nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi wa hao hufariki katika miezi michache ya kwanza. Mtoto aliyegundulika mapema na kuanza dawa hukua, husoma na kuzeeka. Siku hizi zipo dawa za watoto zinazoyeyuka katika maji, na uchungu wa zile za zamani umepungua.

Mama anyonyeshe maziwa yake matupu kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aongeze vyakula vingine huku akiendelea kunyonyesha na kutumia dawa zake. Uji wa mapema na maji ya kuondoa kiu, ambavyo bibi hutoa kwa upendo, vinaongeza hatari. Kipimo cha mtoto hurudiwa kadiri ratiba ya kliniki inavyoelekeza, na jibu la mwisho hupatikana baada ya kuacha kunyonya.

Wapo pia watoto waliopita bila kupimwa, hasa yatima na walioachwa kwa ndugu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, kifua kikuu, utando mweupe mdomoni usiokoma, masikio yanayotoa usaha mara kwa mara au kudumaa kusikoelezeka apimwe VVU, hata kama wazazi wake walionekana wazima. Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023, duniani asilimia 57 tu ya watoto wanaoishi na VVU walikuwa wakipata dawa, wakati kwa watu wazima ni asilimia 77. Mtoto hawezi kwenda kliniki mwenyewe; hutegemea macho ya mwingine. Pengo hilo ndilo lililowakutanisha viongozi wa nchi 12 za Afrika jijini Dar es Salaam mwezi Februari 2023. Mwenyeji wao alikuwa Dkt. Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe, akiwa Makamu wa Rais, nao waliahidi kukomesha UKIMWI kwa watoto ifikapo mwaka 2030.

Saa 72

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulibaini kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Jambo hili limo katika kila jamii, na mara nyingi mtendaji ni mtu anayefahamika: ndugu, jirani, mpangaji, mwalimu au mtu wa kanisani.

Si kila uchafu ukeni kwa mtoto mdogo ni ugonjwa wa ngono. Minyoo, usafi duni au kitu kilichoingia humo vinaweza kuusababisha. Lakini kisonono, kaswende au VVU vinapothibitishwa kwa mtoto ambaye hajabalehe na ambaye hakuambukizwa na mama yake, hali hiyo inaashiria kwa nguvu kwamba amefanyiwa ukatili, na uchunguzi ni lazima. Kumtibu na kumrudisha katika nyumba ileile bila kuuliza neno ni kumkabidhi tena kwa aliyemuumiza.

Ukatili unapotokea, hatua ni hizi:

1. Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja. Dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio hufaa ikianzishwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi. Hutumiwa kwa siku 28 bila kukatiza. Hupewa pia tiba ya kuzuia magonjwa mengine ya ngono na, kwa msichana aliyevunja ungo, hushughulikiwa suala la mimba.

2. Asiogeshwe, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi au kitambaa safi, kwa sababu ni ushahidi.

3. Taarifa itolewe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hutolewa fomu namba 3 ya polisi (PF3). Fomu hiyo inahitajika kwa kesi, ila matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri.

4. Mtoto asikilizwe na mtu mmoja anayemwamini, bila kuhojiwa mara kumi na kila mgeni. Aambiwe waziwazi: "Hukukosea."

Simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116. Ikiwa saa 72 zimepita, mtoto apelekwe vilevile, kwa kuwa vipimo, tiba na ushauri bado vina faida kubwa.

Miaka ya kubalehe

Kwa kijana, dalili za magonjwa ya ngono ni maumivu wakati wa kukojoa, usaha au uchafu usio wa kawaida, vidonda, uvimbe kwenye kinena, maumivu chini ya kitovu au masundosundo. Lakini wengi, hasa wasichana, hawana dalili yoyote. Klamidia inaweza kukaa kimya kwa miezi mingi huku ikiziba mirija ya uzazi, na binti akaja kuambiwa kuwa ni mgumba akiwa na miaka 25. Kidonda kisichotibiwa nacho hufungua mlango kwa VVU.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti waliboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya kawaida vya vijijini mkoani Mwanza: dawa zikawepo na wahudumu wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40. Huko Rakai, Uganda, ambako watu wote walipewa dawa kwa pamoja kwa vipindi, matokeo hayo hayakuonekana. Funzo la Mwanza kwa kijiji chetu ni kwamba zahanati iliyo wazi, yenye dawa na yenye mhudumu asiyemgombeza kijana, ni kinga. Kijana anayenunua vidonge viwili dukani kwa aibu hutuliza dalili na kubaki na ugonjwa, na mwenzake asipotibiwa humrudishia.

Mwanza hiyohiyo ilitoa funzo la pili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango wa MEMA kwa Vijana uliwafundisha wanafunzi wa shule za msingi kuhusu afya ya uzazi. Maarifa yao yaliongezeka, lakini vipimo vya baadaye havikuonesha kwamba maambukizi ya VVU yalipungua. Kijana anaweza kujua yote na bado akazidiwa na umaskini, na mtu mzima mwenye fedha, au na desturi za wakubwa wanaomzunguka. Malezi ya watu wazima ni sehemu ya kinga.

Kuna kinga nyingine ambayo haipaswi kukosekana. Chanjo dhidi ya virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hii haizuii uzazi, na binti huipata kabla hajaanza kujamiiana ili imlinde maisha yake yote.

Kumweleza mtoto anayeishi na VVU

Mzazi huogopa siku hii kuliko siku ya kupima. Hata hivyo mtoto anayemeza dawa kila siku bila kujua sababu huanza kuzitupa akifika miaka 12 au 13. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aelezwe hatua kwa hatua katika umri wa shule, kati ya miaka 6 na 12. Aanze kwa kuambiwa kwamba ana mdudu katika damu ambaye dawa humlaza usingizi, kisha kadiri anavyokua atajiwe jina lenyewe. Wahudumu wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC) watamsaidia mzazi kutafuta maneno.

Kijana aelezwe pia habari njema: anayetumia dawa sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Anaweza kuoa au kuolewa na kupata watoto wasio na VVU. Anapokwenda shule ya bweni, mpango wa dawa ufanywe kabla hajaondoka, na mtu mmoja anayeaminika shuleni ajulishwe kwa ridhaa yake.

Asiambiwe kamwe kwamba maombi yanachukua nafasi ya dawa. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Sala humtia mgonjwa nguvu ya kuendelea na tiba, na anayeombea wagonjwa asimwambie mtu yeyote aache dawa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Kumbaka mtoto huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 huhukumiwa kifungo cha maisha. Mapatano ya kifamilia, yenye mbuzi, ng'ombe au fedha, hayafuti kosa hilo.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi na inalinda siri ya majibu. Marekebisho ya mwaka 2019 yanamruhusu kijana wa miaka 15 kuridhia mwenyewe kupimwa VVU. Aliye chini ya umri huo huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Wajibu wa parokia na jumuiya

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, ulitaka watoto wapewe malezi ya kijinsia yaliyo chanya na yenye busara kadiri wanavyokua. Papa Fransisko alirudia wito huo katika Furaha ya Upendo mwaka 2016. Kanisa linafundisha usafi wa moyo kabla ya ndoa na uaminifu ndani yake. Mafundisho hayo hayampunguzii kijana aliyeanguka, wala aliyeangushwa, haki ya kupimwa, kuelezwa na mhudumu wa afya yote anayohitaji kuyajua, na kutibiwa kwa heshima.

Kwa vitendo, mafundisho ya Kipaimara na ya ndoa yanaweza kumkaribisha muuguzi. WAWATA wanaweza kumsindikiza mjamzito kliniki mapema, na UWAKA kuwahimiza waume kupima. Walezi wa Utoto Mtakatifu na VIWAWA wasikae faraghani na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kumtazama mtoto anayelelewa na bibi mzee na kuuliza kama amepimwa. Paroko au katekista anayepata habari za ukatili nje ya siri ya maungamo anapaswa kuzifikisha panapohusika, hata mtuhumiwa akiwa mtumishi wa Kanisa. Katika hali hiyo waraka wa kipapa wa mwaka 2019, Vos estis lux mundi, unawawajibisha makleri na watawa kutoa taarifa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa maradhi yake hufichwa na wakubwa na anayelipa ni yeye. Familia yenye mjamzito ambaye hajapimwa, mtoto mchanga aliyekosa kipimo cha wiki ya sita, au kijana mwenye dalili asizothubutu kuzitaja, ina la kufanya wiki hii.